Ndama kazaliwa alfajiri hasimami wala hanyonyi, wafugaji naombeni msaada wa haraka

mama_uwemba | Alhamisi, saa 1:20 asubuhi

Habari za asubuhi wadau wa mifugo. Niko Njombe, na mnaoijua Julai ya huku mnajua ni baridi ya namna gani. Ng'ombe wangu, chotara wa Friesian, uzao wa nne, amezaa saa kumi alfajiri. Uchungu ulimwanza jana jioni lakini ukawa wa kusuasua, hasukumi, mpaka jirani akaja tukasaidiana kuvuta. Ndama ni jike. Anapumua, ila hajasimama hata mara moja, kichwa hakikai, na ukimwekea chuchu mdomoni anaiacha tu. Kijana wa bandani anasema tumnyweshe kwa nguvu na chupa ya soda kabla hajafa njaa. Afisa mifugo wetu simu yake haipatikani tangu usiku. Nianze na nini?

kiti_cha_mbele | saa 1:31

Pole sana dada. Mimi sifugi hata kuku, ila nimekaa hapa mpaka nijue mwisho wake.

Kisiki_Hai | saa 1:34

Piga yai bichi moja kwenye maji ya uvuguvugu kidogo, weka nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nyonyo, changanya na maziwa zaidi kidogo ya nusu lita. Mpe mara tatu kwa siku. Mimi ndama wangu wamepona hivyo. Usisubiri mtu.

daktari_wa_zizi | saa 1:40

Kisiki, nakuheshimu na hilo yai tutalirudia. Lakini kwa sasa dada usimmiminie ndama huyo kitu chochote. Ndama asiyenyonya hata kumeza kwake ni kwa mashaka. Ukimwinua kichwa na kummiminia, maziwa yanaingia kwenye mapafu, siku ya tatu anakufa kwa nimonia na watu wanasema alizaliwa hivyo.

Fanya haya upesi unijibu. Osha mikono, mtie kidole mdomoni. Ndani kuna joto au ni baridi? Anakivuta kidole au la? Halafu mpime joto. Kipimajoto cha duka la dawa, kile cha binadamu, kinatosha. Kiingize njia ya haja kubwa, kiegemee ukuta wa utumbo, kisizame ndani ya kinyesi. Ndama mzima anasoma kati ya 38.5 na 39.5.

Na mama yake yukoje? Hujamtaja.

mama_uwemba | saa 1:58

Dokta asante. Nimepima, 36.2. Mdomo ndani ni wa baridi kabisa. Kidole anakivuta kwa mbali sana, anaacha. Mama yake amelala tu, nadhani amechoka na uchungu wa usiku kucha. Pumba hajagusa.

nyandarua_juu | saa 2:03

Mama, mimi niko Kenya, Nyandarua, baridi yetu na yenu ni ndugu. 36.2 ni ndama aliyepoa, tumbo lake limelala. Mpashe joto kwanza. Mtoe kwenye sakafu ya simiti, mlaze juu ya majani makavu mengi au maranda, alalie kifua, miguu ikunjwe chini yake. Asilale ubavu. Msugue na gunia kavu kwa nguvu, mgongo na mbavu, mpaka manyoya yasimame. Kama kuna mtu jirani ana saluni, azima draya. Wengi hucheka, lakini hakuna kitu kinakausha ndama haraka kama draya ya nywele. Chupa za maji ya moto zifungwe kwa kitambaa, moja kila upande wa kifua, zisiguse ngozi moja kwa moja.

Jiko la mkaa usiingize kwenye banda lililofungwa. Moshi wake hauonekani na unaua ndama pamoja na aliyemkalia.

daktari_wa_zizi | saa 2:07

Fuata maneno ya Nyandarua yote. Huyo kijana wa bandani mpe kazi ya gunia.

Wewe dada nenda kwa mama. Hiyo "amechoka" ndiyo inayonitisha. Ng'ombe aliyechoka na uchungu humgeukia ndama wake akamlamba, huomba maji, hula. Mshike masikio. Angalia shingo, imenyooka au ameigeuza kichwa kikaegemea ubavu? Pua mbichi au kavu? Amekunya tangu azae? Ukimsukuma anajaribu kuinuka?

mama_uwemba | saa 2:19

Masikio ni ya baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Kichwa amekigeuza ubavuni, ukikinyoosha anakirudisha. Pua kavu. Hajakunya. Alijaribu kuinuka mara moja miguu ya nyuma ikatetemeka akarudi chini. Dokta mbona unanitisha.

daktari_wa_zizi | saa 2:31

Sikutishi, nakuharakisha, maana hili lina dawa na dawa yake hufanya kazi mbele ya macho yako. Kwa dalili hizo, nina hakika karibu yote kwamba mama ana homa ya maziwa. Inaitwa homa, lakini usitegemee joto lipande. Hushuka.

Siku ya kuzaa, kiwele kinavuta kalsiamu ghafla kuliko mifupa na chakula vinavyoweza kuirudisha kwenye damu. Misuli yote inaitegemea: ya miguu, ya tumbo, ya kizazi, na ya moyo wenyewe. Humpata zaidi ng'ombe wa maziwa mengi aliyefika uzao wa tatu na kuendelea. Mtamba wa uzao wa kwanza ni nadra.

Sasa rudi kwenye maelezo yako ya asubuhi. Ulisema uchungu ulisuasua na hakusukuma. Kizazi nacho ni msuli. Kalsiamu ilianza kupungua kabla hajazaa, kizazi kikalegea, ndama akakaa njiani muda mrefu akikosa hewa ya kutosha, ndiyo maana umempata hivyo. Mnaona ndama mgonjwa na mama aliyechoka, kumbe ni ugonjwa mmoja ulioanzia kwa mama. Mkihangaika na ndama peke yake, mama anaweza kufika jioni akiwa amelala ubavu, tumbo limejaa gesi, na hapo saa zake zinakuwa za kuhesabu.

Tafuta mtaalamu yeyote wa mifugo mwenye chupa ya kalsiamu, hata wa kata ya jirani, mlipe bodaboda aje. Mwambie hivi hivi kwenye simu, "ng'ombe amezaa alfajiri, masikio baridi, shingo ubavuni, hainuki." Atajua abebe nini. Wakati unamngoja:

Mkalishe kifuani, mwegemezee marobota ya majani au magunia yaliyojazwa pumba asianguke ubavu. Akianguka ubavu gesi haitoki. Mfunike mgongo. Usimnyweshe kitu chochote kwa chupa, si maji, si chumvi, si mafuta, si soda. Koo lake nalo ni msuli, kitaingia mapafuni.

Halafu mkamue kidogo, robo zote nne, upate lita mbili za dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa. Usimmalize. Kila lita unayoitoa kiwele kinaitafutia kalsiamu nyingine.

babu_wa_shamba | saa 2:40

Mwanangu kama mtaalamu akichelewa, zamani kwenye mashamba ya walowezi tulikuwa tunajaza upepo kiwele kwa pampu ya baiskeli, tunafunga chuchu na utepe. Ng'ombe anainuka. Si hadithi, nimeshika pampu mimi mwenyewe.

daktari_wa_zizi | saa 2:46

Shikamoo babu. Ni kweli kabisa. Yalianzia Denmark: daktari wa mifugo aitwaye Schmidt mwaka 1897 alianza kuingiza dawa ndani ya kiwele, baadaye ikaonekana hata hewa tupu inatosha. Hewa inakibana kiwele kisitengeneze maziwa, kalsiamu inabaki kwenye damu. Ajabu ni kwamba walikuwa wanaponyesha hivyo miaka mingi kabla ya kujua chanzo. Ya kalsiamu ilikuja kubainika miaka ya 1920. Ila pampu ya baiskeli inaingiza na uchafu wake, ng'ombe anapona mguu anaharibikiwa kiwele. Leo hatuna haja nayo.

mama_uwemba | saa 3:25

Nimempata mtaalamu kutoka kata ya pili, yuko njiani na pikipiki. Draya tumeazima, na umeme upo, namshukuru Mungu. Ndama sasa anasoma 37.8, mdomo una joto, na kidole anakivuta mpaka nasikia meno. Dang'a ninayo lita mbili kwenye ndoo. Sasa?

daktari_wa_zizi | saa 3:29

Sasa ndiyo. Ipashe joto kwa kuiweka ndoo ndani ya maji ya moto, isiguse moto wenyewe, ukichemsha unaiua kinga yake. Iwe joto la mwili. Tumia chupa yenye chuchu ya mpira, ndama akiwa amelalia kifua, kichwa usawa wa mgongo wake au juu kidogo tu, yeye avute, wewe usikamue chupa. Nusu lita, apumzike, nusu lita tena baada ya muda. Kama ana kilo 30 hivi, lita tatu ziwe zimeingia kabla ya saa sita mchana, na moja na nusu nyingine kabla ya usiku.

Ndama wa ng'ombe huzaliwa hana kinga hata chembe, yote anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake unaipitisha kwenda kwenye damu kwa saa chache tu. Inapita vizuri zaidi ndani ya saa sita za kwanza, baada ya hapo inapungua, na ikifika saa 24 mlango umefungwa. Baada ya hapo dang'a ni chakula kizuri, basi.

Kama angekuwa bado havuti, mtaalamu angempitishia mpira mpaka tumboni. Hiyo kazi usiifanye kwa kuangalia video, mpira ukikosea ukaingia njia ya hewa umemzamisha.

Kisiki_Hai | saa 3:50

Dokta umelisahau yai langu.

daktari_wa_zizi | saa 4:02

Sijalisahau. Mchanganyiko wako unafundishwa na maafisa ugani miaka mingi na si mbaya. Yai linampa nguvu, mafuta ya nyonyo yanasaidia kinyesi cha kwanza kitoke kama dang'a inavyofanya. Ila kinga ya magonjwa haimo. Ni wa siku ambayo mama amekufa au kiwele kimeharibika na hakuna jirani mwenye dang'a. Anayekaa karibu na wafugaji wenzake ana njia bora: ng'ombe mzima akizaa na dang'a ikabaki, jaza kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, usijaze mpaka juu, gandisha kwenye friza. Inakaa mpaka mwaka. Siku ya shida unaiyeyusha kwenye maji ya moto yasiyounguza mkono.

binti_tukuyu | saa 4:11

Friza gani wakati kwetu dang'a haifiki jioni, inachemshwa, inaganda, watoto wanagombania sufuria. Na jirani yetu mwingine yeye anaimwaga, anasema ni uchafu wa kizazi.

nyandarua_juu | saa 4:15

Watoto wale, lakini baada ya ndama kushiba. Anayemwaga huyo ajue anamwaga chanjo.

mama_uwemba | saa 5:40

Wadau! Mtaalamu amefika, amemsikiliza moyo, amepasha chupa kwenye maji ya moto, ameiweka kwenye mshipa wa shingo polepole, mara asikilize moyo, mara apunguze mwendo. Ng'ombe alianza kutetemeka mwili mzima nikajua tumemuua. Kumbe ndiyo anarudi. Akacheua, akakunya, akakojoa, na kabla chupa ya pili haijaisha kuwekwa chini ya ngozi akainuka mwenyewe. Sasa hivi yuko kwa mwanawe anamlamba. Ndama amekunywa lita moja na nusu.

kiti_cha_mbele | saa 5:42

Nimeruka hapa ofisini, bosi ananiuliza kuna nini. Nimemwambia ndugu yangu amejifungua.

daktari_wa_zizi | saa 5:55

Hongera, na mtaalamu huyo anajua kazi. Kule kwenda polepole ndiko kunakotofautisha dawa na sumu, kalsiamu ikikimbizwa kwenye mshipa moyo unasimama. Wale mnaonunua chupa dukani na kujipigia wenyewe, mmesikia.

Tahadhari moja: wapo wanaorudi chini tena ndani ya siku moja au mbili. Usiku muamke mumwangalie, mkamue kidogo kidogo, msimkaushe kiwele. Masikio yakipoa tena, piga simu usingoje kuche.

Kitovu cha ndama umekitia ayodini? Kichovye chote mpaka kwenye shina, rudia kesho. Usikifunge uzi. Ndama dhaifu hulala muda mrefu, kitovu kinakaa kwenye unyevu, wadudu wanapanda nacho mpaka kwenye maungio ya miguu.

mama_uwemba | saa 1:10 usiku

Kitovu tayari. Ndama amesimama kwa kushikwa, akaanguka, akasimama tena mwenyewe, sasa anayumba tu lakini anatafuta chuchu. Tatizo jipya: kondo la nyuma halijatoka, linaning'inia. Jirani anasema tulivute, mwingine anasema tufunge jiwe.

mkulima_wa_ifunda | saa 1:18 usiku

Funga tofali. Uzito unalishusha taratibu. Kwetu ndivyo tunavyofanya.

daktari_wa_zizi | saa 1:30 usiku

Msifunge tofali wala jiwe, na mtu asivute. Kondo limeshikana na kizazi kwa vifungo vingi kama inavyojulikana kwa yeyote aliyechinja ng'ombe mwenye mimba. Ukivuta, vipande vinabaki ndani vinaoza, au kizazi chenyewe kinafuata nje, na hapo ndipo utalia kweli. Kawaida hutoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24 tunasema limebaki. Na kwa ng'ombe aliyepata homa ya maziwa silishangai hata kidogo, ni kizazi kile kile kilicholegea.

Kata tu ile sehemu ndefu inayoburuta chini ili asiikanyage, iliyobaki iache. Mpime joto asubuhi na jioni. Akiwa anakula na joto halijavuka 39.5, linajitoa lenyewe ndani ya siku kadhaa, harufu utaivumilia. Akiacha kula au joto likipanda, mtaalamu arudi na antibayotiki. Yeyote anayeligusa avae glavu, na lizikwe mbali na mbwa. Brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba unaompata na binadamu, inapita hapo hapo, na wapo wafugaji wanaougua homa zisizoisha bila kujua waliipata kwenye kuzalisha kwa mikono mitupu.

laigwanan_mdogo | saa 2:05 usiku

Sisi wa ng'ombe wa kienyeji shida yetu ni nyingine. Mama mzima, ndama dhaifu, mama anamkataa kwa sababu hakumlamba alipozaliwa. Tunampaka ndama chumvi mgongoni. Mama anakuja kwa chumvi, analamba, harufu inamwingia, basi amemkubali. Na ng'ombe wetu bila ndama pembeni maziwa hayashuki, kwa hiyo ndama akifa umepoteza wawili.

nyandarua_juu | saa 2:12 usiku

Ya chumvi hata kwetu inafanya kazi kwa hawa wa gredi, chotara wa maziwa.

mama_uwemba | Ijumaa, saa 12:50 asubuhi

Alfajiri mama aliyumba tena, masikio yakaanza kupoa. Mtaalamu amerudi na chupa nyingine ya chini ya ngozi. Sasa anakula majani. Joto 38.7. Ndama amenyonya mwenyewe bila kushikwa.

mkulima_wa_ifunda | saa 2:20 asubuhi

Dokta nina swali. Mimi ng'ombe wangu akikaribia kuzaa nampa chokaa na unga wa mifupa kwa wingi, na lusina juu, ili kalsiamu ijae asipate hili. Lakini mwaka jana alilala vile vile. Inakuwaje?

daktari_wa_zizi | saa 2:41 asubuhi

Unamfanya alale kwa kumjaza. Mwili unaopewa kalsiamu nyingi kila siku unaacha kabisa kazi ya kuichukua kwenye mifupa, kwa nini ujisumbue wakati inaletwa mlangoni? Siku ya kuzaa mahitaji yanapanda ghafla, na ile mitambo ya mifupani inachukua siku kadhaa kuamka. Ndizo hizo siku anazolala.

Kwa hiyo geuza. Mkaushe miezi miwili kabla ya kuzaa. Wiki tatu za mwisho mwondolee chokaa, unga wa mifupa, lusina na jamii zote za mikunde, mpe majani ya kawaida, matete yaliyokomaa kidogo, hei, na pumba kiasi. Asinenepe kupita kiasi, wanene ndio wanaoanguka zaidi. Akishazaa tu, hapo ndipo umrudishie madini yote kwa mkono mkunjufu. Na ng'ombe aliyewahi kuugua, uzao unaofuata mtaalamu awe amepigiwa simu kabla ya uchungu.

Kisiki_Hai | saa 2:50 asubuhi

Hapa nimejifunza. Nilikuwa nafanya kama wa Ifunda.

mama_uwemba | Jumapili, saa 10:15 jioni

Mrejesho. Kondo limetoka lenyewe jana usiku, harufu yake sitaieleza hapa. Mama halijampanda joto, hakuchomwa antibayotiki. Ndama anakimbia bandani na amemkanyaga paka. Nampa lita moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, kinyesi ni cha njano kizito. Swali la mwisho: maziwa kituo cha kukusanyia watayapokea lini, na ile kalsiamu haina shida kwa mnywaji?

daktari_wa_zizi | saa 10:40 jioni

Kalsiamu haina siku za kusubiri. Kinachokuzuia ni dang'a yenyewe, ikichemshwa inaganda na kituo watairudisha. Ngoja siku tano zitimie tangu azae, chemsha kikombe kimoja nyumbani, kisipoganda peleka. Mpaka hapo mpe ndama. Maziwa mpe kwa uzito, kama sehemu ya kumi ya kilo zake kwa siku, uongeze anavyokua. Kinyesi kikilegea kuwa maji, usimnyime maziwa. Mpe na maji ya chumvi na sukari katikati ya milo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Akizubaa au macho yakizama, mwite mtaalamu.

mama_uwemba | saa 10:52 jioni

Basi Jumatano napeleka.